Bhai Gurdas na Manung'uniko Juu ya Guru wa Sita

Simulizi iliyozoeleka kuhusu Usikh huenda hivi: Guru Nanak (1469–1539) alihubiri utulivu na kumkumbuka Mungu, kisha Guru wa tano, Arjan, akauawa Lahore mwaka 1606, mwanawe Hargobind, Guru wa sita, akajifunga panga mbili, na dini ya sala ikageuka dini ya vita. Wanaoishikilia simulizi hiyo wanasahau kumsikiliza mtu aliyekuwepo.

Mtu huyo ni Bhai Gurdas. Ndiye aliyeiandika Adi Granth, kitabu kitakatifu cha Wasikh, kwa mkono wake chini ya usimamizi wa Guru Arjan, hadi ilipokamilika mwaka 1604. Tungo zake mwenyewe, ziitwazo Var, mara nyingi huchunguliwa tu na watafiti wanaosaka majina na matukio. Ni hasara kubwa. Katika Var ya 26 upo ubeti mmoja unaoyapanga manung'uniko ya waumini juu ya Hargobind bila kuyapunguza makali. Maguru waliotangulia walikaa mahali pamoja; huyu hatulii. Wafalme waliwaendea wale nyumbani. Huyu mfalme amemtia ngomeni, maana Jahangir, mfalme wa Mughal, alimfunga katika ngome ya Gwalior. Wale waliketi wakiwafariji watu. Huyu anafuga mbwa na kwenda kuwinda. Wale walitunga nyimbo takatifu na kuziimba, huyu hatungi.

Bhai Gurdas hakanushi hata shutuma moja. Jibu lake ni kwamba ukweli haufichiki, na kwamba Guru huyu anastahimili yasiyostahimilika wala hajitangazi. Hapo ndipo penye uzito wote. Anachokipima kwa kiongozi ni kama ameitawala nafsi yake, awe ameketi kwenye mkeka au amepanda farasi. Muumini naye anadaiwa bibek, yaani upambanuzi, ili imani yake isiyumbishwe na mbwa na upanga.

Kipimo hicho hakukizua ili kumwokoa Hargobind. Katika Var ya kwanza anasimulia jinsi yogi Bhangar Nath alivyomkabili Nanak huko Achal Batala, akamlaumu kwa kuvua mavazi ya utawa na kurudia maisha ya familia: kwa nini ametia kitu kichachu kwenye maziwa? Nanak akamrudishia lawama. Ninyi mmezikimbia nyumba zenu, kisha mnapiga hodi kwenye nyumba za watu kuomba chakula! Tamaa ya mwili, hasira, uroho, kung'ang'ania vya dunia na kiburi, wale maadui watano wa mafundisho ya Sikh, hawaachwi nyuma kwa kuhamia msituni. Mtu hupambana nao sokoni, shambani, na vitani pia.

Mwanahistoria W. H. McLeod alitoa hoja kwamba silaha ziliingia katika Usikh pamoja na wakulima wa jamii ya Jat waliojiunga kwa wingi. Hoja hiyo inaeleza mikono iliyoshika panga. Haielezi kwa nini mtetezi wa Guru alizungumzia ustahimilivu badala ya ushindi.

Baadaye Khalsa, jumuiya ya Wasikh waliowekwa wakfu, ikaundwa Anandpur mwaka 1699, habari inayojulikana mno. Isiyosimuliwa vya kutosha, nayo inaonyesha kipimo kilekile cha kuitawala nafsi, ni ya Bhai Kanhaiya, aliyewanywesha maji majeruhi katika mapigano ya Anandpur, wakiwemo wa upande wa adui. Wenzake walimshtaki kwa Guru wa kumi, Gobind Singh. Mapokeo yanasema alijitetea kwamba hakumwona adui wala rafiki, na Guru akampa dawa ya kupaka vidonda aende nayo vilevile kwa wote. Jumuiya ya Sevapanthi inamhesabu yeye kuwa chanzo chake.