Aldrini

Aldrini ni kiuatilifu cha jamii ya organoklorini kilichochanganywa na udongo ili kuua mchwa, fukusi na wadudu wengine wa ardhini. Jina limetokana na Kurt Alder, mwanakemia Mjerumani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1950 pamoja na mwalimu wake, Otto Diels. Diels naye ndiye asili ya jina dieldrini.

Mabadiliko udongoni

Aldrini yenyewe haidumu sana, lakini kutoweka kwake si kuisha kwa sumu. Bakteria na kuvu huiongezea atomu moja ya oksijeni na kuigeuza kuwa dieldrini, yenye sumu kali vilevile na sugu zaidi kuliko mzazi wake. Katika nchi za baridi, nusu ya dieldrini iliyomo shambani huchukua takriban miaka 5 kupungua. Haiyeyuki vizuri majini, hivyo mvua haiiondoi, bali hung'ang'ania mboji. Kwenye joto la tropiki hupungua upesi zaidi, ila sehemu kubwa huvukia hewani bila kuvunjika. Kwa kuwa aldrini hugeuka dieldrini, kipimo cha kuaminika hujumlisha zote mbili.

Mabaki katika mazao

Karoti hukusanya dieldrini zaidi kwenye ganda, kwa hiyo kumenya hupunguza mabaki. Punje za nafaka hupata kidogo.

Jamii ya maboga na matango ni hatari ya pekee. Utomvu wao una protini zinazoibeba dieldrini kutoka mizizini hadi kwenye tunda. Nchini Japani, ambako matumizi yalikoma katika miaka ya 1970, matango yaliyozidi kiwango cha sehemu 0.02 kwa milioni yalikutwa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watafiti wa huko walionyesha kwamba kubebesha tango juu ya shina la boga lisilofyonza sana hupunguza mabaki, mbinu bora na nafuu kuliko kuchimba udongo wote.

Ng'ombe nao huipata dieldrini kwenye malisho na kuitoa katika mafuta ya maziwa.

Marufuku

Mkataba wa Stockholm wa 2001 uliiweka aldrini miongoni mwa kemikali 12 za kwanza kudhibitiwa. Kenya na Tanzania ni wanachama. Barani Afrika aldrini ilitumika pia kukinga miche ya mikaratusi dhidi ya mchwa. Udongo wa vitalu vya zamani vya aina hiyo upimwe kabla ya kupandwa matango, maboga au karoti.