Bahari Ilipopanda Nchi Kavu

Watu wengi hudhani kwamba mambo ya kale hujulikana kwa vitabu tu, au kwa masimulizi ya wazee. Leo nitawaeleza msiba mmoja ambao habari zake zimetunzwa na ardhi yenyewe.

Katika Bahari ya Aegea, baina ya Ugiriki na Uturuki, kipo kisiwa kiitwacho Thera, na wengine hukiita Santorini. Yapata miaka 3,600 iliyopita, mlima wa moto wa kisiwa hicho ulipasuka kwa nguvu nyingi mno. Majivu ya moto na mawe yaliporomokea baharini, yakayasukuma maji, yakawa mawimbi makuu ya namna iitwayo tsunami.

Je, twajuaje? Huko Palaikastro, upande wa mashariki wa kisiwa cha Krete, zaidi ya kilometa 100 kutoka Thera, wataalamu walichunguza tabaka moja la udongo, wakatoa habari zake mwaka 2008. Ndani yake walikuta makombe ya baharini, mawe ya kuta zilizobomoka, vigae vya vyungu, mifupa ya ng'ombe, na majivu ya mlima ule, vyote vimechanganyika pamoja. Basi fikirini: mto hauleti makombe ya baharini, wala upepo hauchukui mawe ya nyumba. Hapana shaka bahari ilipanda.

Ushahidi mwingine ulitolewa mwaka 2021. Huko Çeşme, katika pwani ya Uturuki, zaidi ya kilometa 200 kutoka Thera, palionekana chini ya kifusi mifupa ya kijana mmoja, na mifupa ya mbwa. Tena palionekana mashimo yaliyochimbwa na watu wa siku zile baada ya maji kupungua. Wataalamu wadhani kwamba walikuwa wakiwatafuta ndugu zao. Kijana yule alilala chini ya shimo mojawapo. Watu wale walichimba, wakakoma, wasimfikie.

Majina yao hatuyajui. Lakini kazi ya mikono yao, waliyoiacha kwa huzuni, imesomeka baada ya miaka elfu tatu na zaidi. Kwa hiyo, mchimbapo kisima au msingi wa nyumba, mkaona kombe au kigae mahali pasipo pake, msikitupe upesi. Ulizeni kwanza kilifikaje hapo.