Pikipiki ya Pili, Kitulo (Sehemu ya Kwanza)

Ukitaka kuijua Kitulo, ipande kutokea Chimala. Kule chini jua la Usangu linakuchoma kisogo mpaka unavua koti na kulifunga kwenye keria. Usilikaze sana. Utalitaka muda si mrefu.

Mbele yako mlima umesimama, na barabara ya vumbi inaukwea kwa kona. Wenyeji wanaiita Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake. Gia ya pili, ya kwanza, ya pili, ya kwanza tena. Lori la viazi likishuka, unabana ukingoni na huangalii chini.

Lakini kona nilizimaliza salama. Ninachotaka kukusimulia kilianzia Matamba, kwenye kibanda cha chai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Na baridi hii unakwenda wapi?"

"Nakatisha Kitulo, nitokee Isyonje, kisha Tukuyu."

Akaacha kumimina chai. "Peke yako?"

"Peke yangu, mama."

"Mwenzako naye alikuwa peke yake. Kapita hapa saa nne asubuhi, ana pikipiki nyekundu. Ndugu yake anamngoja Isyonje. Anapiga simu, anapiga tena. Hajafika."

Saa yangu ilisema saa tisa kasoro. Niambie msomaji, wewe ungegeuza?

Mimi sikugeuza. Sababu yenyewe ilikuwa ndani ya mkoba wangu wa mgongoni, na ilitakiwa iwe Tukuyu kabla hakujapambazuka. Ni nini? Vuta subira, utakijua.

Kwanza ujue ilikuwa Julai. Kitulo inayosifiwa ni ile ya masika, uwanda wote unapochanua na okidi zinasimama katikati ya nyasi. Ndiyo iliyopewa jina la Bustani ya Mungu, na mwaka 2005 ikawa hifadhi ya taifa kwa ajili ya maua yake. Julai huoni ua. Ni nyasi na upepo, na alfajiri nyasi hizo zinaamka nyeupe kwa barafu.

Julai wageni hawaji. Ukianguka, nani atakuokota?

Waliozoea hifadhi za simba na tembo watashangaa nikisema hapa cha kuogopa ni baridi. Uwanda uko kwenye mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa imepungua kwa karibu robo, na injini inalijua hilo: unavuta mafuta, inachelewa kuitika. Nilikuwa nimejipanga magazeti kifuani chini ya koti, na ninakuhakikishia yanazuia upepo. Vidole ndivyo vilivyonishinda. Nilibana klachi bila kuisikia.

Saa kumi na nusu ukungu ukashuka. Niliona barabara, kisha nusu ya barabara, kisha tairi langu la mbele tu.

Injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazima.

Petroli ilikuwepo. Plagi ilikuwa nzima. Nilijua ni kitu gani: hewa yenye unyevu inapopita kwa kasi kwenye kabureta huku petroli ikigeuka mvuke, ubaridi unazidi mpaka unyevu unaganda humo humo ndani. Barafu inaziba njia ya hewa. Dawa yake ni kungoja, joto la injini lipande na kuiyeyusha.

Basi nikangoja. Kimya kimya.

Na ni kile kimya kilichonifanya nisikie.

Kulia kwangu, ndani ya nyasi, mbali na barabara, injini ilikuwa inaunguruma taratibu, kama mtu anayekohoa chini ya blanketi. Pikipiki. Taa haikuonekana.

Yule wa saa nne? Lakini pikipiki iliyoachwa tangu asubuhi haiungurumi jioni. Mtu kaiwasha. Kaiwasha sasa hivi.

Huenda ameumia. Huenda amelala chini na huo ndio wito wake. Ningemwachaje?

Niliwasha indiketa ya pikipiki yangu, nikaacha ufunguo mahali pake, makusudi, ule mwanga wa njano unirudishe barabarani. Mkoba sikuutua. Nikaingia kwenye nyasi zilizolowa mpaka magotini.

Hatua kumi. Nikageuka: njano, giza, njano, giza. Vizuri.

Hatua ishirini. Sauti ilikuwa karibu kabisa, ningeweza kunusa moshi wake.

"Hodi! Ndugu, uko wapi?"

Injini ikazimwa.

Hakuna aliyejibu. Nikaita tena. Upepo tu.

Ndipo nyuma yangu, kule nilikotoka, nikasikia mtu anapiga kiki. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu ikawaka, na mngurumo ule naujua hata usingizini. Ni pikipiki yangu.

Nikageuka. Njano, giza, njano, giza.

Mwanga ulikuwa umetoka barabarani. Ulikuwa unanijia.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO