Udongo wa mababu si udongo mtupu: historia ya mashamba ya Kivu tangu 1885

Wakaaji wengi wa Masisi, Rutshuru, Kalehe na Walikale walioacha vijiji vyao kwa ajili ya vita wanabeba swali moja moyoni: shamba walilolikimbia ni la nani leo? Majani yamepanda, nyumba imeanguka, hakuna anayelima. Mtu akipita njiani anaona pahali patupu. Katika historia ya Kongo, neno hilo "tupu" limenyang'anya watu wengi udongo, hata siku ambazo hakuna risasi iliyolia. Kwa hiyo ni vizuri familia zijue lilitoka wapi.

Amri ya 1885

Tarehe 1 Julai 1885, utawala wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji ulitoa amri fupi: udongo wote usiokaliwa na mtu ni mali ya serikali. Ila swali lilibaki: nani anaamua kwamba udongo fulani haukaliwi? Wakubwa wa ukoloni waliangalia nyumba na shamba lililokuwa likilimwa siku ile. Yaliyobaki waliyaita matupu.

Mkulima wa Kivu hakuishi kwa shamba moja tu. Alikuwa na shamba linalolazwa miaka kadhaa ili udongo upate nguvu tena. Alikuwa na malisho ya ng'ombe, pori la kuni na dawa, kijito cha maji, na pahali pa makaburi ya wazee. Yote yalikuwa na mwenyewe. Kule Bushi, kwa mfano, mtu alipotaka udongo wa kudumu alitoa kalinzi kwa mwami, mara nyingi ng'ombe, na haki ile ikarithiwa na watoto wake. Aliyetaka kulima kwa muda mfupi alipatana kwa bwasa, akalipa kwa kazi au kwa sehemu ya mavuno. Kulikuwa basi na sheria, malipo na mashahidi. Kilichokosekana ni karatasi ya serikali.

Mashamba ya kahawa na mbuga ya wanyama

Mwaka 1928 wakoloni waliunda Comité National du Kivu, halmashauri iliyopewa mamlaka ya kugawa udongo wa Kivu kwa walowezi na makampuni. Milima hii iliwavutia: baridi nzuri, mvua ya kutosha, udongo wa volkano. Ikapandwa kahawa, chai, kinkina na pareto. Familia nyingi ambazo zilikuwa wenyeji wa mlima zikawa vibarua juu ya mlima uleule.

Mbele ya hapo, tarehe 21 Aprili 1925, ilianzishwa Mbuga ya Albert, ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika, ambayo tangu 1969 inaitwa Virunga. Mipaka yake ilipanuliwa mwaka 1929 na tena 1935, ikagusa mashamba na malisho ya watu. Mbuga imeokoa msitu na sokwe wa milima, jambo ambalo ulimwengu wote unalishukuru. Lakini ugomvi wa mipaka unaosikika hadi leo ulianza siku zile, kwa sababu udongo ulilindwa bila kupatana vizuri na waliokuwa wakiishi juu yake.

Uhuru ulikuja, mashamba hayakurudi

Baada ya uhuru watu walitumaini. Tarehe 7 Juni 1966, sheria inayoitwa Bakajika, kwa jina la mbunge aliyeileta, ilirudishia taifa udongo na madini waliyopewa makampuni kabla ya 30 Juni 1960. Lakini "taifa" halikumaanisha kijiji.

Mwaka 1973 yalitokea mambo mawili makubwa. Tarehe 20 Julai ilitoka sheria ya udongo namba 73-021. Inasema udongo wote ni mali ya serikali peke yake, na raia anapewa tu haki ya kuutumia. Tarehe 30 Novemba Rais Mobutu akatangaza kwamba mali ya wageni inapita mikononi mwa Wazairwa. Mashamba makubwa ya walowezi yakaangukia watu waliokuwa karibu na utawala. Kule Masisi mengi yakageuka kuwa mashamba ya ng'ombe yenye nyaya na walinzi, na wakulima wadogo wakasukumwa kwenye miteremko mikali. Vita vilipolipuka Masisi na Walikale mwaka 1993, uhaba wa udongo ulikuwa mmoja wa mizizi yake.

Katika sheria ile ya 1973 kuna vifungu vitatu ambavyo kila familia ya kijijini ingepaswa kuvijua: 387, 388 na 389. Cha kwanza kinasema udongo wa jamii za wenyeji umekuwa wa serikali. Cha pili kinaueleza: ni udongo ambao watu wanaukaa, wanaulima au wanautumia kwa namna yoyote, kufuatana na desturi zao. Cha tatu kinasema haki zao zitapangwa na amri ya Rais. Amri hiyo haikutoka. Zaidi ya miaka 50 mkulima wa desturi amebaki kati ya mwami na kadastri, na mwenye pesa anayefika na setifika mkononi anaonekana kuwa na nguvu kumshinda mzee aliyezaliwa pale.

Pahali ambapo watu walisimama

Historia hii si ya kushindwa tu. Mwaka 2010 kampuni ya Uingereza, SOCO, ilipewa ruhusa ya kutafuta mafuta katika eneo linaloingia ndani ya Virunga, upande wa Ziwa Edward. Wavuvi walihofia maji na samaki wao, mashirika ya raia yakapaza sauti, na UNESCO, iliyoweka mbuga hiyo kwenye urithi wa ulimwengu tangu 1979, ikakumbusha ahadi za serikali. Waliosema walitishwa, na wengine waliumizwa. Mwezi wa Juni 2014 kampuni ilikubali kuacha. Mwezi wa Julai 2022 serikali iliweka tena vipande 27 vya mafuta sokoni, vingine vikigusa mbuga. Mwezi wa Oktoba 2024 mnada ule ulifutwa. Kufutwa kwa mnada si mwisho wa hamu ya mafuta, lakini kisa cha SOCO kinaonyesha kwamba neno la wenyeji lina uzito wanaposema pamoja.

Mfano mwingine ni Tayna, katika misitu ya Lubero na Walikale. Pale wazo halikutoka mbali. Wakubwa wa desturi wa Batangi na Bamate ndio waliokubali kuuweka msitu wao chini ya ulinzi, na serikali ikautambua mwaka 2006. Kisha tarehe 2 Agosti 2014 ilitoka dekri namba 14/018, inayoruhusu jamii ya wenyeji kuomba konsesio ya msitu wake wa desturi, hadi hekta 50.000, bila kikomo cha miaka. Kuna jamii za Walikale ambazo zimekwisha kuipata. Kwa njia hiyo desturi ya kijiji inaweza kugeuka kuwa karatasi ya serikali bila udongo kupita kwanza mkononi mwa mtu mwingine.

Kwa familia iliyo mbali na shamba lake

Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inasema serikali inalinda mali ya mtu mmoja au ya jamii iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Maneno "au kwa desturi" ni ya kushikwa vizuri. Nayo sheria ya 1973 inadai kwamba kabla ya kumpa mtu udongo wa kijijini, ufanyike uchunguzi: mipaka ipimwe, wanaoukaa waandikwe, na wenye malalamiko wasikilizwe. Lakini familia iliyo kambini au katika nyumba ya ndugu mjini haioni tangazo lililobandikwa kule kwao, na uchunguzi unapita kana kwamba hakuna mwenyewe. Setifika ikishatolewa na miaka 2 ikapita, kuipinga mbele ya korti kunakuwa vigumu sana. Vita vya hapa vinadumu zaidi ya miaka 2.

Kwa hiyo kuna mambo ambayo hayangoji amani. Jina la shamba, kijito au njia inayolipakana, na majina ya majirani wa pande zote nne yaandikwe hata katika daftari la shule. Karatasi ya kununulia, barua ya mwami au ushahidi wa kalinzi itolewe fotokopi na kuwekwa kwa watu wawili tofauti. Majirani walio pamoja ukimbizini wapatane juu ya mipaka sasa, kabla ya kurudi. Ikisikika kwamba mtu anapima shamba, barua ya kupinga ipelekwe haraka kwa kadastri na kwa mkubwa wa kijiji, na nakala iliyopigwa muhuri ibaki kwa familia. Na anayekuja kununua kwa bei ya njaa mlima wa mtu aliyekimbia, asipewe sahihi ya haraka.

Kuna watoto waliozaliwa ukimbizini ambao hawajaona shamba la babu yao hata siku moja. Wazee wanaojua pahali mpaka unapopita wanapungua kila mwaka. Mzee akifa bila kuuliza wala kuandika, shamba lake limeanza kuwa tupu kweli.