Kopo la Kimea: Sheria na Upishi wa Bia Nyumbani

Upishi wa bia nyumbani katika nchi za Magharibi aghalabu hutazamwa kama burudani ya siku hizi. Kihistoria, hata hivyo, seti ya vifaa na viungo inayouzwa madukani ni zao la sheria kuliko la burudani. Ujuzi uliotengwa na jiko ulirejeshwa humo na mfanyabiashara, ukiwa ndani ya kopo.

Kwa karne nyingi pombe ya Uingereza ilipikwa nyumbani, na kazi hiyo ilikuwa hasa ya wanawake. Mwaka 1880 serikali ya Gladstone ilifuta kodi ya kimea na badala yake ikatoza ushuru bia yenyewe. Hivyo hata aliyejipikia kwake akalazimika kuwa na leseni. Leseni hiyo iliondolewa mwaka 1963 na Waziri wa Fedha, Reginald Maudling, kwa sharti kwamba bia ya nyumbani isiuzwe. Ruhusa ilirudi, lakini ujuzi ulikwisha kufifia katika nyumba nyingi. Pengo hilo ndilo lililozibwa na seti za madukani.

Marekani ilifika hapo kwa njia nyingine. Wakati wa marufuku ya vileo, 1920 hadi 1933, baadhi ya viwanda vya bia, Anheuser-Busch kikiwa kimojawapo, viliuza shira ya kimea. Kwa jina ilikuwa ya kuokea. Kwa matumizi, wengi waliipikia bia. Marufuku yalipoondolewa, sheria ya shirikisho haikuihalalisha bia ya nyumbani hadi Rais Jimmy Carter alipotia sahihi sheria mpya Oktoba 1978. Tangu Februari 1979 mtu mzima aliruhusiwa kupika galoni 100 kwa mwaka, yaani kama lita 378, na nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200, mradi zisiuzwe.

Yaliyomo katika seti yanaeleza mengi. Kuna kopo la shira ya kimea iliyokwisha kutiwa uchungu wa maua ya hopsi, pakiti ya hamira kavu, ndoo yenye kifuniko, kizibo cha maji kinachotoa hewa bila kuingiza ya nje, haidromita ya kupimia utamu uliosalia, na mpira wa kuhamishia bia chupani. Kipimo cha kawaida ni kopo moja, sukari kilo 1, na maji hadi lita 23. Kisichokuwamo ni kazi yenyewe ya kimea: kuotesha nafaka, kuikausha, kuisaga na kuiloweka katika maji ya moto ili wanga ugeuke sukari.

Hapo ndipo mpishi wa busaa wa magharibi mwa Kenya anapotofautiana na mnunuzi wa kopo. Yeye huotesha wimbi mwenyewe, kisha hukichanganya kimea chake na unga wa mahindi uliochachushwa na kukaangwa. Kiswahili nacho kinashuhudia hatua hiyo: kimea ni nafaka iliyomea. Neno limehifadhi tendo ambalo kopo limelificha. Kwa hiyo anayekusanya istilahi za upishi hana budi kuanzia kwa wapishi hawa. Kazi ikihamia kiwandani, majina ya hatua zake hayana tena wa kuyatamka nyumbani.