Mpaka wa Simu Ulikuwa Kwenye Daftari

Wapo wanaodhani kwamba simu ya mkononi ilikuwa ghali ng'ambo ya mpaka kwa sababu ya udhaifu wa mitambo. Juma hili napenda kulipinga wazo hilo, maana historia yasema vingine.

Mfumo wa GSM, ambao nchi zetu za Afrika Mashariki ziliupokea, ulibuniwa Ulaya kwa nia hasa ya kumwezesha mtu kuvuka mpaka na simu yake. Makampuni kutoka nchi 13 yalitia saini makubaliano mjini Copenhagen, Septemba 1987. Mwaka 1992, Telecom Finland na Vodafone ya Uingereza zikafunga mkataba wa kwanza wa kuhudumiana wateja wakiwa ugenini, huduma iitwayo romingi. Mnara wa ugenini huisoma kadi yako, huiuliza kampuni yako ya nyumbani kama yakutambua, na ikijibu ndiyo, unapata mawasiliano. Ni kazi ya muda mfupi tu.

Ndugu msomaji, ugumu haukuwa mnarani. Ulikuwa kwenye daftari la madeni. Kampuni ya ugenini huidai ya nyumbani bei ya jumla. Ya nyumbani nayo huongeza faida yake, kisha humletea mteja hesabu. Mteja hayumo katika mazungumzo hayo, basi kila upande huvutia kwake. Hata simu uliyopigiwa uliilipia. Mfanyabiashara wa Namanga, mji uliogawanywa na mpaka, simu yake iliponasa mnara wa jirani alitozwa kama aliyesafiri nchi za mbali.

Ushahidi ulipatikana Septemba 2006. Celtel, iliyokuwa na makampuni Kenya, Uganda na Tanzania, iliondoa gharama hizo za ziada. Mteja akapokea simu bure na kuongeza salio kwa vocha ya nchi aliyomo. Minara ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mdai na mdaiwa sasa walikuwa wa tajiri mmoja. Washindani nao, wakiwamo Safaricom ya Kenya, MTN ya Uganda na Vodacom ya Tanzania, wakalazimika kupatana.

Baadaye serikali zikaingia. Mwaka 2014 Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilikubaliana kuwa eneo moja la simu; Tanzania na Burundi hazikuwamo wakati huo. Umoja wa Ulaya nao, uliokuwa umeweka kikomo cha bei mwaka 2007, ulifuta nyongeza hizo Juni 2017, baada ya miaka 10 ya mabishano.

Funzo langu ni hili: bei ya romingi hushuka pale mtu mwenye nguvu anapolifungua daftari. Kwa hiyo kila mkataba wa aina hii unapojadiliwa, wananchi tusiridhike kuambiwa idadi ya minara. Tuulize bei ya jumla ni kiasi gani, nani kaipanga, na kwa nini isitangazwe hadharani. Mlipaji ana haki ya kujua anacholipia.