Mwitikio wa Wagonjwa kwa Dawa za Presha

Mwitikio wa mgonjwa kwa dawa za presha ni kiasi ambacho shinikizo lake la damu hushuka anapotumia dawa fulani, pamoja na madhara yanayomfuata. Watu wawili wa umri mmoja, wote wakiwa na presha ya 160 kwa 100, wanaweza kuandikiwa kidonge kilekile cha amlodipini. Mmoja akashuka hadi 130, mwenzake akabaki kwenye 150 na miguu ikamvimba. Hilo ni jambo la kawaida, wala si dalili kwamba dawa ni bandia au kwamba mgonjwa wa pili hajitunzi.

Sababu kubwa iko kwenye figo. Damu inapopita kwa shinikizo dogo, au chumvi inapopungua mwilini, figo hutoa renini. Hiyo huanzisha mfululizo unaozaa angiotensini, inayobana mishipa, na aldosteroni, inayozuia chumvi isitoke na mkojo. Kwa baadhi ya wagonjwa mfumo huu ndio unaopandisha presha, nao hunufaika na dawa zinazouzuia, kama enalaprili na losatani. Kwa wengine renini iko chini: mwili umehifadhi chumvi na maji, mfumo umekwishajipunguza wenyewe, na kuuzuia zaidi hakuleti nafuu kubwa. Hawa huitikia vizuri zaidi dawa za kukojosha, kwa mfano hidroklorothiazidi, au amlodipini, inayolegeza mishipa yenyewe. Renini hupungua kadiri umri unavyosonga, na kwa wastani huwa chini zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara.

Kwa muda mrefu madaktari wa Afrika walilazimika kutegemea utafiti uliofanywa Ulaya na Marekani. Jaribio la CREOLE, lililochapishwa mwaka 2019, lilifuatilia wagonjwa weusi 728 katika nchi sita, zikiwemo Kenya na Uganda, kwa miezi sita. Kila mmoja alipewa dawa mbili kwa pamoja. Waliopata amlodipini, iwe na hidroklorothiazidi au na perindoprili, dawa ya jamii ya enalaprili, walishuka kwa takriban milimita 3 za zebaki zaidi ya waliopata perindoprili na hidroklorothiazidi bila amlodipini.

Hata hivyo, huo ni wastani wa kundi. Rangi ya ngozi ni kielekezi hafifu, na daktari anayeishia hapo humnyima mgonjwa haki yake ya kuangaliwa yeye mwenyewe. Huko Uppsala, Sweden, watafiti waliwapa wagonjwa 280 dawa nne kwa zamu na kurudia baadhi yake, ili wajue kama tofauti ni ya mtu au ni ya bahati tu. Matokeo ya mwaka 2023 yalionyesha kwamba kumchagulia kila mtu dawa inayomfaa kungeweza kushusha namba ya juu ya presha kwa milimita 4.4 za ziada.

Madhara nayo hutofautiana. Enalaprili na ndugu zake huzuia kimeng'enya kinachozaa angiotensini, ambacho pia huvunja bradikinini. Bradikinini ikirundikana, baadhi ya watu hupata kikohozi kikavu kisichokoma, hasa usiku. Mgonjwa asipotaja kidonge chake, anaweza kutibiwa kifua kwa miezi bila nafuu. Losatani haigusi kimeng'enya hicho, kwa hiyo ndiyo mbadala wa kawaida. Jambo la hatari zaidi kwa anayetumia enalaprili au ndugu zake ni kuvimba midomo, ulimi au koo, ambako huwapata watu weusi mara nyingi zaidi: mgonjwa awahishwe hospitalini, na dawa za jamii hiyo asipewe tena maishani. Jeni pia zina mchango. Metoprololi, dawa nyingine ya presha, kwa mfano, hukaa kwa wingi zaidi katika damu ya watu ambao ini lao huivunja polepole.

Kabla ya kusema dawa imekataa, yapo mambo ya kukagua: mkanda wa kipimo unaobana mkono mnene, presha iliyopimwa mtu akiwa bado anahema baada ya kupanda ngazi, chumvi nyingi mezani, diklofenaki au ibuprofeni zinazonunuliwa dukani kwa ajili ya maumivu ya mgongo, na vidonge vilivyorukwa. Amlodipini hubaki mwilini muda mrefu, hivyo kusahau siku moja hakuiharibu sana. Kaptoprili huisha nguvu ndani ya saa chache.

Presha inapobaki juu licha ya dawa tatu za kutosha, mojawapo ikiwa ya kukojosha, huitwa presha sugu. Jaribio la Uingereza la PATHWAY-2, la mwaka 2015, lilionyesha kwamba spironolaktoni ndiyo iliyosaidia zaidi kama dawa ya nne. Anayeitumia hupimwa potasiamu na figo, kwa kuwa potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Baadhi ya wanaume huvimba matiti, nao wanaweza kubadilishiwa amiloridi.